Uyoga Una Mti Wake

Anayetafuta uyoga wa porini huinamisha kichwa. Ni kawaida, maana anachokitafuta kiko chini, kimejificha kwenye majani makavu, na jicho lake limezoea kupekua ardhi. Hata hivyo naona anaanzia pasipofaa. Katika nchi ya miombo, inayoanzia Kigoma na Tabora ikapita Katavi, Rukwa, Iringa na Ruvuma hadi Lindi, kisha ikavuka mipaka kuingia Msumbiji, Zambia na Katanga, aliyeinua macho akaitazama miti kwanza atakuwa mbele ya aliyeinama. Uyoga mwingi unaothaminiwa huko unaishi kwa kutegemea mti fulani, na mti huo nao una udongo wake unaoupenda. Hoja yangu ni kwamba tukisema "mahali pazuri pa uyoga" tunataja uhusiano kati ya viumbe hai, na alama kwenye ramani haiwezi kuubeba uhusiano huo. Tofauti hiyo ina uzito kwa mwenye kikapu, na ina uzito zaidi kwa kijiji kinachoamua kama msitu wake uuzwe, ulimwe au uachwe.

Ushahidi uko kwenye mizizi. Mwaka 1885 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Albert Bernhard Frank, ambaye serikali ya Prussia ilimtaka achunguze kama uyoga wa thamani unaokua chini ya ardhi unaweza kuoteshwa kama zao, alieleza kwamba ncha za mizizi ya miti mingi ya msituni zimevikwa ala ya kuvu, na kwamba ala hiyo si ugonjwa. Kuvu hulisha mti, na mti hulisha kuvu. Wenzake wengi walimpinga, lakini leo jambo hilo ni msingi wa elimu ya misitu. Tena halihitaji maabara ili kuonekana. Chini ya mti uitwao mtundu, mvua zikishakolea, ondoa polepole tabaka la majani yanayooza mpaka uifikie mizizi myembamba ya juujuu, kisha itazame ncha zake kwa lenzi ya mkononi. Mzizi wa kawaida una ncha nyembamba yenye vinyweleo. Huu hauna vinyweleo. Ncha zake ni fupi, nene, zimegawanyikagawanyika, na zimefunikwa ngozi laini inayoweza kuwa nyeupe, ya manjano au ya rangi ya kutu. Kutoka kwenye ngozi hiyo huenea nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikipenya mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki, zikauletea mti maji, fosforasi na naitrojeni. Malipo yake ni sukari ambayo majani yameitengeneza kwa mwanga wa jua. Kile tunachokiita uyoga, chenye kofia na shina, ni sehemu ndogo ya kiumbe hicho, tena ya kupita: hutokeza siku chache, husambaza vijimbegu vyake, huoza. Kiumbe chenyewe kiko chini mwaka mzima, kimeshikamana na mti.

Si kila mti una ushirika wa namna hii, na hapo ndipo faida ya kutazama juu inapoonekana. Miti mingi ya Afrika hushirikiana na kuvu za kundi jingine, zinazoingia ndani ya chembe za mizizi na zisizotoa uyoga kabisa. Mninga, pamoja na sifa zake zote za mbao, uko huko. Lakini mtundu, myombo, mtondoro na ndugu zao wa jenasi za Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia hubeba ile ala ya kuvu. Mkusu hubeba. Mkongo, ambao Pwani huitwa mbambakofi, nao hubeba. Kwa hiyo mapori mawili yanayofanana kwa mbali, yote yakiwa na miti ya kimo cha wastani na nyasi chini yake, yanaweza kutofautiana kabisa mtu anaporudi nyumbani. Kwenye pori la migunga utazunguka asubuhi nzima bila kuona hata mmoja wa ule uyoga wa manjano wa jenasi ya Cantharellus ambao Wahehe huuita wisogolo. Kwenye mitundu na mikusu, msimu ukiwa umekaa vizuri, utaukuta umetapakaa: kofia iliyopinda ukingoni, na ukiigeuza huoni zile kurasa nyembamba za uyoga wa kawaida, unaona mikunjo butu inayoteremka hadi kwenye shina, na pua inapata harufu inayokaribia ya tunda bivu. Karibu yake huenda ukakuta aina za Lactarius, zinazotoa maziwa meupe pale tu zinapovunjwa, na Amanita za kuliwa, kubwa, zenye pete shingoni na kifuko chini. Mwaka 1994 aina mbili za Amanita zinazoliwa nchini Tanzania zilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza. Moja ikapewa jina la nchi, nyingine jina la Masasi. Wenyeji walikuwa wakizila siku zote.

Udongo nao una habari yake, na ni habari inayokwenda kinyume cha matarajio. Mkulima hutafuta ardhi nyeusi yenye rutuba, na ni rahisi kudhani kwamba uyoga, kitu laini na chenye maji mengi, utapenda hukohuko. Ukweli ni kinyume. Miombo hukaa kwenye udongo mkongwe, wa kichanga, uliooshwa na mvua kwa karne nyingi hadi fosforasi na naitrojeni zikawa adimu. Ndiyo maana miti yake imelazimika kuwa na washirika: mti ulio kwenye ardhi tajiri hauna sababu kubwa ya kulipa sukari yake ili uletewe chakula. Tembea Tabora kutoka mbugani kupanda mwinuko na utaona mpango huo waziwazi. Chini, kwenye udongo mfinyanzi unaotuama maji, kuna nyasi na miti michache isiyo na ushirika huu. Ukipanda, pale udongo unapoanza kuwa mwekundu au wa mchanga na maji yanapopita haraka, miombo inaanza, na uyoga wake unaanza nayo. Kisha katikati ya miombo hiyohiyo kuna vichuguu vikubwa vya zamani, ambavyo udongo wake mchwa wameutajirisha, na juu yake huota miti mingine kabisa, mara nyingi mikwaju na vichaka vya majani mazito. Usipoteze muda wako kutafuta wisogolo juu ya kichuguu. Hatua chache tu pembeni, pale udongo unaporudi kuwa duni, ndipo penyewe.

Hapa atatokea wa kusema kwamba nakuza jambo. Uyoga ni mvua, atasema. Mvua ikinyesha uyoga upo, isiponyesha haupo, na mti hauna neno. Nakubali nusu ya kauli hiyo. Katika sehemu kubwa ya miombo mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili, na miti huanza kutoa majani mapya, mengi yakiwa mekundu, tangu Septemba au Oktoba kabla tone la kwanza halijaanguka. Nje ya msimu huo hata fundi wa kuokota atarudi mikono mitupu. Lakini mvua huamua wakati tu. Mvua ileile inanyesha kwenye shamba la mahindi, kwenye pori la migunga, kwenye mbuga na kwenye miombo siku moja, na wisogolo unatokeza kwenye miombo peke yake. Anayesubiri mvua bila kuujua mti ana nusu ya elimu, na bila shaka anayejua mti bila kusubiri mvua ana nusu nyingine. Jambo ninalolisisitiza ni kwamba nusu ya kwanza kila mtu anayo bure, kwa kuwa mvua huonekana na wote, ilhali nusu ya pili hufundishwa, na inaweza kusahaulika katika kizazi kimoja.

Pingamizi la vichuguu lina nguvu zaidi. Mtu wa Morogoro, wa Bukoba, hata wa mashambani Uganda na Kenya anaujua uyoga mkubwa mweupe au wa kijivu unaotoka kwenye vichuguu na pembeni mwa mashamba, mahali pasipo na mtundu hata mmoja. Je, huo si uyoga bora kuliko wote? Kwa ladha, wengi watasema ndiyo, nami sina ugomvi nao. Huo ni Termitomyces, na maisha yake ni ya ajabu kuliko ya jamaa zake wa mizizini. Mchwa hukusanya mabaki ya mimea, huyatafuna, na kwa kinyesi chao hujenga chini ya ardhi vitalu vyenye matundu ambamo huotesha kuvu hiyo. Kuvu husaga ugumu wa mmea ambao tumbo la mchwa haliuwezi, na mchwa hula kilichosagwa. Kilimo hicho kilianza Afrika takriban miaka milioni 30 iliyopita, zamani sana kabla hajatokea binadamu wa kushika jembe. Ukitaka kuuona uhusiano huo kwa vidole, usiukate uyoga huu juu. Fukua taratibu kandokando ya shina. Utaliona shina likiendelea kushuka, likikonda, likigeuka kuwa mzizi wa bandia mrefu unaokwenda hadi kwenye kitalu cha mchwa. Na katikati ya kofia utapapasa kidole kimoja cha nyama ngumu, chenye ncha, ambacho kazi yake ilikuwa kutoboa udongo ulioshindiliwa. Katika miombo ya Zambia na Katanga ipo aina moja, Termitomyces titanicus, ambayo kofia yake inaweza kufikia upana wa mita 1. Wabemba huiita chikolowa, na mmoja hutosha familia.

Pingamizi hili halibomoi hoja, linaipanua. Uyoga wa kichuguu nao haukai mahali kwa ajili ya mahali. Unakaa na mchwa. Kichuguu ambacho koloni lake limekufa kinaweza kusimama miaka mingi baadaye, kikiwa na umbo lilelile na kwenye kona ileile ya shamba, bila kutoa uyoga tena. Na aliyekariri mahali atakirudia kila masika akishangaa kimekasirikia nini. Aliyejua uhusiano ataangalia kwanza kama kuna dalili za uhai: udongo mbichi uliotoka kujengwa, vijitundu vilivyozibwa, kumbikumbi walioruka mvua za mwanzo. Ila kuna jambo moja ambalo pingamizi hili limelifunua na halipaswi kupita kimya. Kwa sababu mchwa huishi hata kwenye mashamba, uyoga wao hubaki baada ya msitu kufyekwa, na watu huendelea kusema uyoga bado upo. Upo kweli, lakini ule wa aina chache. Wa mizizini umeondoka bila tangazo, na kizazi kinachofuata hakitajua kwamba kulikuwa na kitu cha kukosa.

Wapo pia wanaodhani kwamba msitu mnene, wenye kivuli na unyevu mwaka mzima, ndio makao makuu ya uyoga. Usambara ingekuwa basi bora kuliko Urambo. Kwa uyoga wa mbao zilizooza, ni kweli: magogo yaliyoanguka ya misitu ya milima hubeba aina nyingi, zikiwamo zile laini za kahawia zenye umbo la sikio. Lakini miti mingi ya misitu hiyo haina ala ya kuvu mizizini, na kwa wisogolo, Lactarius na Amanita, msitu wa miombo unaoonekana mkavu, mweupe na wenye nafasi kati ya mti na mti unaushinda mbali ule mnene. Uzuri wa msitu kwa macho ya mgeni na wingi wa uyoga wake ni mambo mawili tofauti. Pwani ya Kenya, ndani ya Arabuko-Sokoke, eneo la mirihi, ambayo ni Brachystegia ileile inayoitwa mtundu Tabora, limesimama kwenye mchanga mweupe usio na rutuba na lina mwanga kuliko sehemu nyingine za msitu huo. Mtafutaji wa uyoga wa mizizini angepaswa kuanzia hapo.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote umetoka kwenye miti ya kigeni. Misonobari haikuwako Afrika kusini mwa Sahara. Ilipoletwa kwa ajili ya mbao, sehemu nyingi miche ilidumaa na kugeuka manjano vitaluni, ingawa ilimwagiliwa na kutunzwa, mpaka ulipoletwa udongo kutoka mahali ambapo misonobari ilikuwa tayari inakua vizuri. Udongo huo ulikuwa na kuvu. Miche ikachangamka. Leo kwenye mashamba makubwa ya misonobari ya Nyanda za Juu Kusini, kama Sao Hill huko Mufindi, uyoga unaotokeza chini ya miti ni tofauti na ule wa miombo iliyokuwa jirani: ni jamaa wa Ulaya na Amerika waliosafiri na miti yao, hasa aina za Suillus zenye kofia ya utelezi na matundu madogomadogo chini badala ya kurasa. Katika mashamba ya namna hiyo kusini na mashariki mwa Afrika umefika hata ule uyoga mwekundu wenye madoa meupe ambao watoto huuona kwenye vitabu vya hadithi za Ulaya, na huo una sumu. Ardhi ni ileile, mvua ni ileile, mwinuko ni uleule. Kilichobadilika ni mti, na orodha ya uyoga ikabadilika yote. Sijui jaribio gani jingine lingeweza kuonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi.

Basi ikiwa uyoga umefungwa na mti kiasi hicho, ukataji una maana gani? Hapa tahadhari inahitajika, kwa sababu watetezi wa misitu, nikiwa miongoni mwao, hupenda kusema kwamba mti ukikatwa kila kitu kimekwisha. Wachoma mkaa hujibu, na wana haki, kwamba miombo huchipua. Kisiki cha mtundu kilichokatwa hutoa machipukizi msimu unaofuata, na pori lililovunwa likaachwa lipumue hurudi kuwa pori. Mzizi haukufa, kwa hiyo mshirika wake chini ya ardhi ana pa kushika, japo sukari imepungua hadi majani yatakaporudi. Tofauti kubwa iko kwenye jembe. Pale visiki vinapong'olewa na ardhi kulimwa mwaka baada ya mwaka, mizizi hufa, na kuvu isiyo na mzizi hai haina maisha. Tabora inaijua historia hii vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wake wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, matingatinga yaling'oa miombo kwa mizizi yake. Mradi ukaachwa mwaka 1951, karanga hazikupatikana za maana, na Urambo ikageukia tumbaku. Tumbaku nayo hudai miti mara mbili, kwanza kwa shamba lenyewe, kisha kwa kuni za mabani ya kukaushia. Nasema hivi bila kumlaumu mkulima wa tumbaku, ambaye ana ada za shule za kulipa na hana zao jingine lenye mnunuzi wa uhakika. Nasema tu kwamba hekta moja iliyokatwa na kuachwa ichipue na hekta moja iliyong'olewa visiki huandikwa mara nyingi kwa neno moja, "imefyekwa", wakati kwa uyoga moja iko likizoni na nyingine imefungwa.

Moto una sura mbili vilevile. Kwenye majaribio ya muda mrefu ya Ndola, Zambia, yaliyoanza miaka ya 1930, viwanja vya miombo vilivyochomwa kila mwisho wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, viligeuka kuwa nyasi tupu na machipukizi, ilhali vilivyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, vilibaki na miti yake. Moto wa Mei na moto wa Oktoba si moto mmoja. Anayechoma Oktoba ili aone vizuri panya wa kuwinda anakula uyoga wa miaka ijayo.

Lipo swali la haki pia kuhusu wanaochuma: je, kuchuma kwenyewe hakumalizi? Kwenye barabara za Iringa na za Katanga, masika yakifika, uyoga hupangwa mafungu au hupimwa kwa sado na ndoo, na anayeona wingi ule hujiuliza kama mwakani utakuwapo. Watafiti wa Uswisi walilifuatilia swali hilo kwa miaka 29, wakilinganisha viwanja vinavyochumwa na visivyochumwa, na hawakuona kuchuma kukipunguza mavuno ya baadaye wala idadi ya aina. Walichokiona ni kwamba kukanyagwakanyagwa kwa ardhi kulipunguza uyoga uliotokeza. Uswisi si Tabora, na misitu yake ni mingine, lakini maelezo ya kibiolojia ni mamoja: anayechuma uyoga anachukua sehemu ya kupita, kiumbe kinabaki mzizini. Ndiyo maana sioni haya kusema kwamba mama anayeuza sado tatu za wisogolo kando ya barabara hauharibu msitu. Huyo ndiye mtu pekee katika mlolongo mzima wa biashara ya misitu ambaye bidhaa yake inahitaji mti ubaki umesimama, yeye na mfuga nyuki, ambaye asali yake hutoka kwenye maua ya mitundu na mitondoro hiyohiyo.

Wengine hushauri tuache pori na tulime uyoga mabandani. Kilimo cha uyoga ni kizuri na kimewapa wengi kipato, lakini angalia ni uyoga gani unaolimwa: ni mamama, unaokula vitu vilivyokufa, majani ya mpunga au mabaki ya pamba, na hauhitaji mshirika hai. Wisogolo hauwezi kuwekwa kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa hauli majani makavu; unakula sukari ya mti mzima ulio hai. Banda la uyoga aina ya wisogolo ni msitu.

Kuna hatari moja katika yote niliyosema. Mti humwonyesha mtu mahali pa kutazama, haumwambii kipi ni cha kula. Amanita za kuliwa na Amanita zinazoua huishi na miti ya tabia moja, na sumu kali ya baadhi yake haiondolewi kwa kuchemsha wala kukausha. Dalili zake huchelewa saa sita, kumi na mbili, hata zaidi; mtu hutapika, hupata nafuu ya uongo, kisha ini huanza kufa. Zile kanuni zinazopita mdomoni, kwamba uyoga ulioliwa na mdudu ni salama, au kwamba wenye sumu hubadilisha rangi ya kitunguu, hazina msingi wowote na zimeshazika watu. Kanuni pekee inayofaa ni kula ule tu ambao mjuzi wa eneo hilohilo anautambua kwa jina na kwa sehemu zake zote, pamoja na ile iliyo chini ya udongo. Ujuzi huo haubebeki kutoka wilaya moja hadi nyingine bila uangalifu. Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi, walipotoa kitabu chao cha uyoga wa Tanzania mwaka 2003, walikuwa wamefanya kazi kwa miaka wakiwauliza wanavijiji, na sehemu kubwa ya waliojua walikuwa wanawake.

Wanawake hao ndio ninaowafikiria ninapoangalia jinsi misitu ya vijiji inavyopangwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanavijiji wa Tanzania uwezo wa kutenga msitu wao, kuuandikia mpango wa usimamizi na kuutungia sheria ndogo. Mpango huo huanza kwa kupima kilichomo, na upimaji mara nyingi hufanywa kiangazi, barabara zikipitika. Kiangazi hakuna uyoga. Kwa hiyo msitu huhesabiwa kwa mita za ujazo za mninga na magunia ya mkaa, na chakula ambacho hulisha kaya katika miezi ambayo ghala zimepungua na mahindi mapya bado yako shambani huandikwa sifuri, au hakiandikwi. Lakini timu ileile ya upimaji, mwezi Agosti, inapohesabu miti, tayari imeandika mitundu mingapi, mikusu mingapi na mikongo mingapi iko kwenye kila kiwanja cha sampuli. Orodha ya uyoga imo ndani ya orodha hiyo. Kinachokosekana ni mtu wa kuisoma, na katika kila kijiji cha miombo yupo: aketishwe kwenye mkutano, asomewe majina ya miti kiwanja kwa kiwanja, aulizwe kila mmoja una nini masika, na majibu yake yaingie kwenye safu ya pili ya jedwali kabla mhuri haujapigwa.